"Uliwasha tena?" Bima kubwa na gari lililoacha lami

Konrodi mbili, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zimelazwa juu ya gazeti lililolowa oili, kwenye gereji moja ya Tabata. Moja imenyooka. Ya pili imepinda kiunoni kidogo tu, kiasi kwamba usingeiona kama fundi asingeilaza sambamba na mwenzake. Zimetoka kwenye Prado ya dizeli, injini ya 1KD, lita tatu. Gari lilizimika ndani ya maji njia ya Mloka, ile ya vumbi inayokwenda Hifadhi ya Nyerere, wakati wa masika, likakokotwa hadi Dar. Mwenyewe ana bima kubwa, na karatasi zote amezileta kwenye bahasha ya kaki: kava noti, leseni, kadi ya gari, ripoti ya polisi.

Asesa wa bima, mtu anayekagua hasara, anapiga picha, anaandika, halafu anauliza bila kuinua kichwa.

"Kaka, lilipozimika kwenye maji, uliwasha tena?"

"Niliwasha, ndiyo. Mara tatu hivi. Likagoma."

Fundi anaangalia chini.

Wiki kadhaa sasa jibu hilo halijaniachia. Siku ile kila mtu gerejini alikuwa amejiandaa kwa mabishano mengine kabisa: kwamba kampuni itasema ile haikuwa barabara, ilikuwa pori. Wengine walishaandaa na majibu. Hakuna aliyeulizwa habari ya pori.

Neno lami halimo

Chukua mkataba wa bima kubwa ya gari binafsi, usome sehemu inayotaja hasara zinazolipwa. Utakuta mgongano, kupinduka, moto, radi, wizi, na uharibifu unaofanywa na mtu mwenye nia mbaya. Utakuta eneo la kijiografia, ambalo kwa kawaida ni Jamhuri ya Muungano yote. Utakuta aina ya matumizi na nani anaruhusiwa kuendesha. Lami hutaikuta.

Na ingekuwaje? Sehemu kubwa ya barabara za nchi hii ni za vumbi. Mtu wa Chanika au Goba ndani analaza gari nje ya lami kila siku ya Mungu. Kampuni ikiweka sharti la lami itabaki na wateja wa Masaki peke yao, na hata huko kuna mashimo.

Kwa hiyo swali la "bima inalipa nikiendesha nje ya barabara?" limekosea mlango. Ipo mikataba yenye kiambatisho kinachozungumzia mapori na fukwe, na ukikiona kwenye wako kisome neno kwa neno. Ila kwa mikataba ya kawaida, kinachoangaliwa ni tukio lenyewe: lilikuwa la ghafla, lilitoka nje ya gari, na wewe ulifanya nini baada yake.

Mwenye bima ndogo hapa aruke tu. Ile ya 118,000 kwa mwaka inamlinda mtu wa tatu. Gari lako likipinduka Kisarawe au mbele ya Posta, ni lako.

Vijiko vitatu

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yanayoua injini nyingi na ndiyo yenye utata mkubwa zaidi.

Pistoni inapopanda husukuma hewa, na hewa hubanika. Maji hayabaniki. 1KD ina sentimita za ujazo 2,982 kwa silinda nne, yaani karibu 745 kila silinda, na mgandamizo wake ni 17.9 kwa 1. Piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 44. Vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda, na kinachokubali yaishe ni konrodi.

Injini ya petroli yenye mgandamizo wa 10 kwa 1 ina nafasi kubwa zaidi juu ya pistoni, kwa hiyo huvumilia kidogo. Dizeli haivumilii.

Sasa, je, hasara hiyo ni ajali au ni hitilafu ya mitambo? Mikataba karibu yote inakataa hitilafu za mitambo na umeme, uchakavu, na kushuka kwa thamani. Kampuni ikisema injini imekufa tu, hupati kitu. Ikikubali kwamba maji ndiyo yaliyoivamia, hoja inahamia kwenye mafuriko. Na mafuriko nayo yana mlango wake: katika baadhi ya mikataba yametolewa kwenye kinga ya msingi pamoja na tetemeko la ardhi, kisha yanarudishwa kwa kiambatisho. Kama kiambatisho hakimo, umekwama kabla hata ya kuulizwa.

Hapo ndipo Jangwani inapoingia. Barabara ya Morogoro pale bondeni ni lami tupu, na mvua ikikaza Msimbazi inaifunika. Gari lililokunywa maji Jangwani na lililokunywa maji njia ya Mloka yakilazwa gereji moja, asesa atayauliza swali lilelile. Lami haikuliokoa la kwanza, na pori halikulihukumu la pili.

Tofauti ipo moja, nayo si ndogo. Jangwani unaweza kusema maji yalikukuta kwenye foleni. Mloka uliyaona mbele yako, ukasimama, ukaangalia, ukaingia. Sharti la kuchukua tahadhari ya busara limo karibu kwenye kila mkataba, na dereva aliyeshuka akapima kina kwa fimbo ana jibu bora kuliko aliyefuata alama za matairi ya lori. Toyota inataja kina cha milimita 700 kwa Prado nyingi. Hiyo ni kwa maji yaliyotulia na mwendo wa taratibu. Ukiingia kwa kasi unatengeneza wimbi, na wimbi likigonga boneti linafika kwenye mdomo wa hewa hata kama kina ni magoti tu.

Jiwe la Kisarawe

Maji yanapiga kelele. Kuna hasara nyingine zinakuja kimya, na hizo ndizo watu wanazozipoteza mikononi mwao.

Jiwe limepiga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Limeacha ufa wa kidole. Hilo ni tukio la nje, la ghafla; kwa mikataba mingi linalipika kama mgongano, ukishakatwa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Taa nyekundu ya oili inawaka. Dereva anasema gereji ipo mbele kidogo, kilomita sita. Anaendelea. Karibu lita saba za oili zinabaki njiani, beringi za krenki zinasagika, injini inanoki na kukaza.

Kampuni italipa sampo.

Injini itakuwa mjadala, na kwa kawaida ni mjadala unaoshindwa. Watasema jiwe lilivunja sampo, wewe ndiye uliyevunja injini. Na mkataba unawaunga mkono, kwa sababu unamtaka mwenye bima alilinde gari lisipate hasara zaidi baada ya ajali. Kilomita sita zile zina gharama kuliko gari la kukokota kutoka popote mkoa wa Pwani.

Difu, yaani boksi la gia za ekseli, ni mbaya zaidi kwa sababu inachelewa kusema. Ikiwa moto na ukaizamisha ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta. Kama kipumulio chake kimeziba kwa tope, itavuta maji kupitia sili. Unarudi nyumbani, gari linatembea vizuri, unaosha, unasahau. Baada ya wiki sita difu inaanza kulia. Ukipeleka madai hapo, utaambiwa ni uchakavu, na hutakuwa na cha kuonyesha kwamba si hivyo. Fungua nati ya kujazia ndani ya siku mbili tatu za kutoka majini, chovya kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage, piga picha, na toa taarifa siku hiyohiyo. Giaboksi na transfa vivyo hivyo.

Bushi, shokapu, buti za CV joint, springi iliyokatika kwa kujaza mizigo: sahau. Hizo ni zako. Kuna wanaojaribu kuziingiza kwenye madai ya ajali nyingine, na asesa mzoefu anaijua kutu ya jana na kutu ya mwaka jana.

Tairi nalo lina sharti lake. Likipasuka peke yake, halilipwi. Likipasuka katika ajali iliyoharibu na sehemu nyingine ya gari, linalipwa.

Kunasa si ajali

Hili linawashangaza watu.

Gari limezama tope la mfinyanzi mweusi hadi ekseli. Hakuna kilichovunjika. Trekta ya kijijini inataka pesa, na inataka sasa hivi. Mwenye gari anapiga simu bima. Anaambiwa hakuna hasara, kwa hiyo hakuna madai. Mkataba unalipa kukokotwa kwa gari lililoharibika kwenda gereji ya karibu, tena kwa kikomo kilichoandikwa, ambacho kwa safari ya Mloka hadi Dar mara nyingi hakifiki hata nusu ya njia. Ulizia kikomo hicho kabla ya kulipia bima, maana kukiongeza ni jambo dogo wakati ule na haliwezekani ukiwa topeni.

Hasara huzaliwa kwenye kuvuta. Kamba inafungwa kwenye bampa, au kwenye kile kijicho chembamba ambacho kazi yake ni kulifunga gari melini. Lori linaondoka kwa mshtuko. Bampa linatoka, rejeta inafuata. Vuta kwenye ndoano iliyofungwa kwenye chesisi kwa bolti mbili, fukua kwanza mbele ya matairi yote manne, na dereva wa lori aondoe ulegevu wa kamba taratibu kabla ya kukaza. Winchi ikitumika, tupia koti zito au mkeka katikati ya waya. Ukikatika, uzito ule unaushusha chini badala ya kuuachia uruke kwenye vioo na watu.

Mchanga wa Kimbiji

Kigamboni kwa chini, Kimbiji hadi Pemba Mnazi, wikendi haikosi gari mchangani. Hapa nina wasiwasi kuliko kwa njia ya Mloka, na sababu ni saa.

Maji yanajaa kwa takribani saa sita. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, Dar kina kinapanda zaidi ya mita tatu. Gari lililonasa kwenye mchanga mbichi maji yakiwa yamekupwa lina muda unaojulikana hadi dakika. Jedwali la maji lipo, wavuvi wapo, mwezi upo. Likimezwa, ni vigumu sana kusema lilikuwa jambo lisilotarajiwa. Kwa kampuni, huo mchanga una tofauti gani na kuegesha gari juu ya reli?

Sidhani kila dai la ufukweni lingekataliwa. Mtu aliyegonga gogo lililofukiwa mchangani amegonga, basi. Ila bahari kupanda si ajali kwa mtu aliyejua saa yake.

Kwa wanaokwenda hata hivyo: punguza upepo wa matairi kutoka psi 32 hadi kama 18, usikate kona kali ukiwa na upepo huo kwa sababu tairi linachomoka kwenye rimu, na beba pampu ya kurudishia kabla hujagusa lami. Ukirudi osha uvungu kwa maji yasiyo na chumvi jioni ileile, ndani ya chesisi pia. Kutu ya chumvi hakuna anayeilipa.

Moto wa nyasi

Kwa haki, kuna hasara ya porini ambayo bima huilipa bila maneno mengi. Kiangazi, nyasi kavu zinajikusanya juu ya ngao ya chini na kugusa ekzosi. Katalisti inafika mamia ya nyuzi za joto. Harufu, moshi, gari limekwisha. Moto umetajwa wazi kwenye mkataba. Hata hivyo, ukipita kwenye nyasi ndefu simama kila nusu saa, ingia uvunguni, zitoe kwa mkono wenye glavu. Kizimamoto kiwe ndani karibu na dereva, maana cha buti ukikihitaji buti huenda ndiyo inawaka.

Yaliyokwisha haribika kabla ya safari

Madai mengi yanakufa siku ya kukata bima, mezani, kwa sababu ya mstari mmoja.

Matumizi. Umeandikisha binafsi, ukabeba watalii wanne wanaolipa hadi geti la Mtemere. Hapo hata ajali ya kawaida kabisa ina shida. Kuchangia mafuta na marafiki ni jambo moja, kutoza nauli ni jingine. Mashindano na majaribio ya mwendo yametolewa kabisa, na "sisi tulikuwa tunacheza tu" huwa na video mtandaoni.

Mabadiliko. Gari limeinuliwa inchi mbili, lina snokeli, winchi, bampa la chuma, kibanda cha juu cha kulala. Usipovitaja, utakuwa umevitoa kwenye thamani, na unaipa kampuni hoja kwamba ulificha. Orodhesha kila kimoja na bei yake. Snokeli pia isikudanganye: inainua mdomo wa hewa, haiinui difu, haiinui altaneta, na kiungo kimoja kilicholegea kinaifanya kuwa pambo.

Thamani. Hapa watu wanajikata wenyewe. Gari la milioni 45 kwa asilimia 3.5 ni 1,575,000, na VAT ya asilimia 18 inafanya 1,858,500. Inauma, kwa hiyo mtu anaandika milioni 30. Gari likipata hasara ya milioni 9, kampuni yenye kipengele cha uwiano inasema: umekatia theluthi mbili, tunalipa theluthi mbili. Milioni 6, na bado hujakatwa sehemu yako.

Hifadhini kuna la ziada. Kuacha njia ndani ya hifadhi za taifa ni kosa na lina faini. Dai la gari lililopinduka mita mia mbili kutoka njiani, likifukuza picha ya simba, linaanza na askari wa hifadhi kabla ya asesa.

Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Usione haya kumwambia wakala akueleze, halafu mwandikie ujumbe: "Nitapita njia za vumbi na mito ya msimu, gari lina hivi na hivi, je, mafuriko yamo, kukokotwa ni hadi shilingi ngapi?" Jibu lake la maandishi lina uzito kuliko tabasamu lake. Na stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo.

Dakika kumi

Gari limezimika ndani ya maji. Mkono unaenda kwenye swichi wenyewe.

Uzuie.

Toa ufunguo. Piga picha ya maji yalipofika kwenye mlango, kabla hayajashuka, simu ikiwa imewashwa "location" ili picha ionyeshe ulipo. Sukumeni au vuteni hadi pakavu, gia ikiwa huru na usukani ukiwa haujajifunga. Chomoa waya hasi wa betri. Fungua boksi la chujio la hewa: karatasi ikiwa imelowa, injini imekunywa, na hapo kazi yako ya ufundi imeishia. Vuta kijiti cha oili uone rangi. Piga simu kampuni hata kama mtandao ni wa kupanda kichuguu, na andika saa uliyopiga. Polisi wa karibu, taarifa iandikwe jinsi ilivyotokea. Mjini, fundi asifungue chochote mpaka asesa afike. Akifika, plagi za moto au nozeli zitolewe mbele yake na injini izungushwe kwa mkono. Maji yakiruka kwenye matundu, na yeye ameyaona.

Konrodi ya Tabata

Sasa nirudi kwenye lile gazeti lenye oili, kwa sababu bado sijashawishika kwamba swali la asesa lilikuwa la haki.

Starta ina nguvu ndogo ukilinganisha na injini inayozunguka ikiwa na uzito wote wa gari nyuma yake. Konrodi nyingi hupinda katika ule mzunguko wa mwisho, injini inapokatwa ghafla. Kuwasha baadaye kunaweza kuongeza madhara, hasa silinda nyingine zikishika na kuisukuma ile yenye maji. Kunaweza pia kukuta kazi imeshakwisha. Mwenye gari alijibu kweli, na ukweli wake ukaandikwa kama kosa kabla mtu hajapima chochote.

Na vya kupima vipo. Konrodi zote nne zipimwe urefu: imefupika moja au zaidi, na kwa kiasi gani? Kuta za silinda zitazamwe juu, pale masizi yanapoweka mstari. Pistoni yenye konrodi fupi haifiki tena mstari wa zamani. Injini iliyoendelea kuzunguka kwa muda ikiwa hivyo huanza kuacha alama mpya chini yake. Iliyokufa papo hapo ina mstari mmoja.

Fundi alichukua tochi ya simu, akamulika silinda ya tatu, akamwita asesa.

"Bosi, njoo uangalie hapa kabla hujafunga hiyo karatasi."

Mstari ulikuwa mmoja. Asesa aliupiga picha mara mbili. Barua ya madai iliandikwa upya jioni ile, ikiwa na vipimo vinne na picha, na sentensi moja inayosema wazi kwamba gari liliwashwa mara tatu likagoma. Kampuni ikikataa, itabidi ieleze kwa maandishi ni mara ipi kati ya hizo tatu iliyopinda chuma, na barua hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Konrodi fundi amezifunga kwenye mfuko wa rambo, ameandika namba za silinda kwa kalamu ya rangi, na amekataa kumpa muuza vyuma chakavu.